Jiliwa la nyuma ya Dyna: shajara ya kulinda vifaa vinavyolala nje, Goma

Mwezi wa pili, mvua hazijakaza

Gari letu ni Dyna ya zamani, lori dogo la Toyota, yenye bodi la wazi. Kazi yetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ni mabomba ya maji: kukata, kutia hesi (kuchonga meno ya skrubu mwishoni mwa bomba), kuunga, kubadilisha pampu na matangi, kuanzia Ndosho na Mugunga mpaka Sake upande mmoja, na Kibumba upande wa pili. Bomba la chuma hununuliwa likiwa na urefu wa mita 6, na hakuna sanduku utakalolikatia ndani yake. Ndiyo maana jiliwa, kifaa cha kubana bomba kati ya taya mbili, limekaa nyuma kabisa ya bodi, kona ya kulia, juu ya bamba nene la chuma. Pembeni yake lipo jiliwa la mnyororo kwa mabomba manene. Mbele ya gari kuna winchi (mashine ya kuvuta kwa waya), ubavuni kuna masanduku ya vifaa yenye bawaba na kufuli, na nyuma ya kabini kuna kreni ndogo ya mkono tunayopandishia pampu. Vyote hivi vinalala nje mwaka mzima.

Gari lilitufikia na desturi yake. Mzee wetu dereva, ambaye aliliendesha tangu kwa mwenye gari wa kwanza, hulipaka grisi kila Jumamosi jioni: skrubu ya jiliwa, mnyororo, bawaba, waya wa winchi, vyote kwa brashi moja kutoka kopo moja. Ni mtu wa bidii na gari linang'aa. Pamoja na hayo skrubu inakwama, vijana wanagonga mkono wa jiliwa kwa nyundo ili lifunguke, na taya la mbele linacheza kama jino bovu. Chuma kinachopewa grisi nyingi hivi hakitakiwi kulika haraka hivi. Sababu yake ndiyo tunayoitafuta.

Lengo limeandikwa kwa chaki ndani ya kifuniko cha sanduku kubwa: kila kifaa cha nje kizunguke kwa mkono mmoja, bila nyundo, masika na kiangazi.

Jiliwa limefunguliwa

Leo tumelishusha lote mezani. Jiliwa halina mengi ndani yake: mwili, taya linalotembea, skrubu ndefu yenye meno mapana ya mraba, nati iliyojificha ndani ya mwili, na springi fupi na washa zinazoshikilia skrubu isichomoke. Skrubu ilipotoka, ilitoka na uji mzito mweusi uliojaa kila mfereji kati ya jino na jino. Nikauchota kidogo kwa ncha ya bisibisi, nikausugua kati ya vidole viwili. Unakwaruza.

Nikaupaka juu ya karatasi nyeupe, nikaudondoshea mafuta ya taa tone kwa tone mpaka weusi ukaondoka na mchanga ukabaki. Kijana wetu mdogo akapitisha sumaku chini ya karatasi. Sehemu ya mchanga ikatembea kuifuata: vumbi la chuma la skrubu na nati, pamoja na vinyweleo vinavyodondoka tunapotia hesi. Sehemu nyingine ikabaki palepale, punje nyeusi zenye kingo kali, zinazometa ukizigeuza juani. Lava nayo ina madini yanayovutwa na sumaku kidogo, kwa hiyo kipimo hiki si cha maabara, lakini kilitosha kutuonyesha kilichokuwa kikiendelea ndani.

Mji huu umekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipasuka, mto wa moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena na kuishia pembezoni, upande wa kaskazini. Mawe hayohayo ndiyo tunayojengea kuta, ndiyo yanayopondwa kuwa kokoto, na magurudumu huyasaga kila siku barabarani. Vumbi lake ni vioo vidogo na madini ambayo, kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, yanakaribia 5.5 mpaka 6, wakati chuma cha kawaida kisichokomazwa kiko kama 4 mpaka 4.5. Kigumu hukwaruza laini. Mafundi wa injini hununua dukani dawa ya kusagia vali, na dawa yenyewe ni grisi iliyochanganywa na punje ngumu. Skrubu yetu imekuwa ikisagwa kwa dawa ya namna hiyo, na kila Jumamosi imekuwa ikiongezewa grisi ya kushikilia punje mpya.

Nati imelika kiasi cha kutotumika tena. Tumeipeleka kwa fundi wa mashine ya kukereza kule Birere, atutengenezee nyingine ya bronzi.

Kutoa kutu

Mwili wa jiliwa tumeuosha kwa mazuti (dizeli) na brashi. Skrubu na vipande vidogo vimeingia kwenye ndoo ya plastiki yenye maji na magadi ya kufulia. Waya hasi wa chaja ya betri unafungwa kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye nondo chakavu, na viwili hivyo visigusane humo majini. Muda si mrefu mapovu yanaanza kupanda, na nondo ndiyo inayoliwa. Asubuhi kutu imekuwa unga mweusi laini unaotoka kwa brashi ya kufulia nguo, na meno ya skrubu yamebaki na umbo lake. Ukitumia grenda huwezi kutoa kutu ndani ya mfereji wa jino bila kula jino lenyewe.

Mwenye kujaribu asifunge kijiko cha jikoni au chuma chochote kisichoshika kutu upande wa chanya. Chuma hicho kina kromiamu na maji yake yatakuwa sumu. Mapovu ni haidrojeni, inayowaka, basi ndoo ikae nje, mbali na jiko la makaa. Springi tumeisugua kwa mkono na msasa laini, kwa sababu chuma kilichokomazwa kikinyonya haidrojeni kinakatika kirahisi.

Chuma kinachotoka kwenye ndoo hiyo kiko uchi kabisa. Ukienda kunywa chai ukirudi kimeshapata rangi ya machungwa. Kwa hiyo tumekisuuza, tukakikausha karibu na makaa, tukakipaka mafuta kingali cha moto.

Vipande vya majaribio

Badala ya kubishana, tumekata vipande vya chuma bapa kutoka fimbo moja, tukavisugua mpaka vikang'aa, tukavigonga namba na kuvifunga ubavuni mwa bodi, nyuma kidogo ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo matope na mawe hurushwa kuliko popote. Kila kimoja kimetengwa na chuma cha gari kwa kipande cha mpira. Kimoja hakina kitu. Vingine vina oili chafu, oili mpya ya injini, WD-40, grisi ya kopo la Mzee, na nta.

Oili chafu nimeiweka kwa sababu ndiyo inayopakwa kwenye nusu ya magari ya mji huu, maana haina bei. Mimi siitaki hata kama ingeshinda. Imebeba masizi, vumbi la chuma na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta ndani ya injini, na ikikaa kwenye ngozi mwaka hadi mwaka inaweza kuleta kansa. Tena udongo wa Goma ni lava yenye nyufa. Unachomwaga juu kinashuka, na maji tunayokunywa mjini yanavutwa kutoka Ziwa Kivu. Mtu wa mabomba hawezi kulifumbia macho jambo hilo.

WD-40 ni kitu chenye kazi yake maalumu. Ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na kampuni iliyoitwa Rocket Chemical Company. Kazi yake ilikuwa kufukuza maji juu ya chuma, na ikatumika kulinda ngozi ya makombora ya Atlas. Inaingia penye nafasi finyu, inasukuma maji, inalegeza kutu. Utando inaouacha ni mwembamba sana, kwa hiyo sitegemei ukae muda mrefu nyuma ya gurudumu.

Grisi ya kopo ni ya sabuni ya lithiamu, ugumu namba 2, ile inayouzwa kila duka la vipuri. Inastahimili maji vizuri na inashika. Na kwa kuwa inashika, inashika kila kitu.

Nta tumeitafuta kwa mama anayeuza asali sokoni Virunga. Nilimuuliza kama haijachanganywa na mafuta ya ng'ombe au mshumaa.

"Papa, ivunje uone."

Nikaivunja. Nta safi ya nyuki ikivunjika haina mng'ao pale ilipokatika. Uso wake una punjepunje, na harufu ya asali inapanda mara moja. Iliyochanganywa na mshumaa huteleza na kung'aa. Ya mama ilikuwa safi, na akatuongezea kipande.

Mchanganyiko wetu: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta mapya ya mashine, kwa uzito. Kopo linawekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 za Selsiasi, kwa hiyo maji yasiyochemka yanatosha. Unakoroga mpaka ipoe, vinginevyo nta inajitenga na mafuta. Wapo mafundi wanaoongeza petroli ili ipakike kirahisi. Hapana. Mvuke wa petroli karibu na jiko umeshaunguza watu wa kutosha. Chuma kipashwe joto juani, nta ipakwe kwa tambaa, kisha ifutwe mpaka mkono ukigusa uone kama hakuna kitu.

Mwezi wa nne, masika

Mvua kila alasiri. Tumekuwa na kazi nyingi upande wa Rusayo na Sake, na upande huo ndio unaoadhibu chuma kuliko mahali pengine tunakofika.

Sababu iko juu. Nyiragongo, yenye mita 3,470, na jirani yake Nyamulagira, zote hutoa gesi ya salfa. Upepo wa kawaida huupeleka moshi wake magharibi, yaani juu ya Rusayo, Sake na milima ya Masisi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inageuka asidi, na mvua inaishusha. Juu ya chuma inaacha chumvi za salfa chini ya tabaka la kutu, na chumvi hizo huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kutu inaendelea hata siku isiyo na mvua. Zinki nayo haiponi. Kwa kawaida zinki hujilinda kwa utando wake wa kijivu, lakini asidi huuyeyusha utando huo, na zinki inaisha polepole. Ndiyo maana mabati na mifereji tunayokuta kwenye nyumba za upande ule imechoka kabla ya umri wake, na ndiyo maana sikubali bolti yoyote ya nje ihesabiwe salama eti kwa sababu ina zinki.

Vipande vimetoa jibu la masika. Kisicho na kitu kilikuwa chekundu chote baada ya usiku mmoja. Oili chafu ilioshwa upande wa juu, na chini ya masizi yaliyobaki kuna madoa ya kutu yaliyoingia ndani. Oili mpya ilishikilia kidogo kisha ikaondoka. WD-40 ilifanya vizuri siku za mwanzo, baadaye ikawa kama haikupakwa. Nta imelinda uso wote, ila kutu imeanza kingoni na kwenye mzunguko wa tundu la bolti, mahali ambapo tambaa huikwangua nta ikawa nyembamba mno. Grisi imeshinda. Nilipoikwangua kwa kipande cha mbao, chuma chini yake kiling'aa kama siku ya kwanza.

Mzee alikuja, akakitazama kipande kile kwa muda, akasema, "Fundi, mvua haiiwezi grisi." Nikamjibu kwamba ni kweli, Mzee, kwa mvua haina mpinzani. Tusubiri vumbi.

Turubai

Wazo la kwanza la kila mtu ni turubai. Tumelifunika jiliwa usiku kucha kwa turubai la plastiki lililofungwa kamba mpaka chini, na asubuhi tumelifungua kabla jua halijapanda. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa na matone, na chuma kililowa zaidi kuliko kipande kilichokuwa wazi pembeni yake. Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku unapoa, na chuma kizito kinapoa nacho. Bodi likiwa limelowa, unyevu wake unapanda ndani ya turubai, unakosa pa kutokea, unatua juu ya chuma.

Kwa hiyo tumeshona kofia. Kitambaa kizito cha turubai la zamani la lori, kinakaa juu ya jiliwa, kuta zake zinashuka mpaka chini ya taya, chini kuko wazi. Mvua haiingii kutoka juu, hewa inapita kutoka chini. Bamba linalobeba jiliwa tumelitoboa matundu ya kutolea maji, kwani lilikuwa na kingo zilizoinuka na kila mvua iliacha kidimbwi kuzunguka bolti.

Chini ya kitako cha jiliwa, kati yake na bamba, tumeweka grisi nzito kabla ya kukaza bolti, kisha tukaziba kingo kwa silikoni. Pale vumbi haliingii na hakuna kinachozunguka, kwa hiyo grisi inafanya kazi yake bila adui. Kijana alipendekeza kuweka mpira hapo, nikakataa, maana jiliwa lililokaa juu ya mpira linayumba unapokaza bomba. Mpira tumeupeleka kwenye vifuniko vya masanduku. Tulinunua vipande vya tairi kwa watengenezaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao wanajua kuchana tairi kwa unene uleule kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Amri mpya ya safari: jiliwa likitembea liwe limefungwa, ili skrubu ijifiche ndani ya mwili, lakini taya zisibanane, iachwe nafasi ya unene wa karatasi ngumu, maji yasing'ang'anie katikati. Mkia wa skrubu unaotokeza nyuma tumeuvisha kipande cha tyubu ya pikipiki, kimekunjwa mwisho na kufungwa kwa waya.

Winchi

Kwa ufupi. Waya wote umenyooshwa barabarani, umesuguliwa kwa brashi, umekaushwa juani. Mwisho wake wenye nyuzi zilizokatika umekatwa na ndoana imefungwa upya. Waya wa chuma huoza kuanzia ndani, mahali nyuzi zinaposuguana, na grisi nzito iliyopakwa nje inafungia maji humo. Tumetumia mafuta mepesi yanayopenya, tambaa limefuta ya juu, na waya umerudishwa ukiwa unavuta mzigo ili mizunguko ikae sawa. Glavu za ngozi ni lazima. Uzi mmoja uliosimama unaingia kiganjani mpaka mfupani.

Bawaba na kufuli

Bawaba: nta iliyoyeyushwa, ikidondoshwa ya moto juu ya pini huku kifuniko kikifunguliwa na kufungwa. Kufuli za shaba: unga wa grafiti tu, kidogo. Grafiti hatuiweki mahali pengine nje ya gari, kwa sababu ikilowa juu ya chuma huchochea kutu.

Mwezi wa sita, vumbi

Mvua zimekatika na barabara ya kokoto imegeuka moshi. Ukifuata lori, huoni mbele.

Kwa makusudi tuliacha jiliwa la mnyororo kwenye grisi, na jiliwa kubwa kwenye nta. Yote mawili yako nyuma ya gari lilelile, yanakula vumbi lilelile. Kwenye jiliwa kubwa skrubu, njia ya taya na nati ya bronzi vimepakwa nta na kufutwa. Grisi imewekwa sehemu moja tu, kwenye springi na washa nyuma ya mkono, na sehemu hiyo imefungwa na mpira.

Wiki chache zilitosha. Kipande cha majaribio chenye grisi, kile kilichoshinda masika, kina koti nene jeusi lililokauka juu na kulowa ndani. Nilichukua kidogo nikausugua kwenye kioo cha dirisha kilichovunjika: mikwaruzo inaonekana kwa macho. Chuma chini yake bado hakina kutu. Kama kingekuwa kitu kisichozunguka, ningeridhika kabisa. Kipande cha nta kina vumbi pia, ila limekaa juu tu. Brashi kavu ya rangi inaliondoa kwa mpito mmoja.

Jiliwa la mnyororo limeanza kulia. Ukizungusha skrubu yake unasikia mchanga, na mkononi unahisi inakwama na kuachia, inakwama na kuachia. Jiliwa kubwa linazunguka kwa kidole. Mzee alilizungusha mwenyewe, akalifungua mpaka mwisho na kulirudisha, akaenda kwenye la mnyororo akafanya vilevile. Hakusema neno. Kesho yake nikamkuta amelifuta jiliwa la mnyororo kwa mazuti kabla hatujafika kazini.

Tulizungumza naye vizuri baadaye, tukiwa tumekaa kivulini mwa gari. Hoja yake ni ya mtu aliyeishi na magari: nta inataka kurudiwa mara kwa mara, grisi unaweza kuisahau. Ana haki. Nta yetu kwenye skrubu inahitaji kufutwa na kurudishwa kila wiki kazi ikiwa nyingi, na baada ya mvua kubwa siku hiyohiyo. Nilichomwomba ni kutenganisha mahali. Palipofungwa, grisi. Palipo wazi na panazunguka, nta. Palipo wazi na hapazunguki, rangi ya zinki chini, rangi ya mafuta juu, na grisi kwenye maungio.

"Basi kreni ni yangu," akasema. Na kweli kreni ndiyo mahali pa grisi kuliko pote. Nguzo yake inazunguka ndani ya bushi iliyofungwa, yenye vichuchu, yaani vitundu vya kusukumia grisi. Mzee anafuta kichuchu kwa tambaa safi kwanza, kwa sababu usipokifuta bomba la grisi litasukuma vumbi ndani mbele ya grisi, kisha anasukuma mpaka ya zamani itoke yote na mpya ionekane kuzunguka bushi. Ile pete ndogo inayobaki nje anaiacha, inazuia vumbi mlangoni. Nimeona anavyofanya, na sitaki mtu mwingine aguse kreni ile.

Mafuta ya kutia hesi

Hili hatukulipangia lakini limejitokeza. Tunapotia hesi tunamwaga mafuta juu ya bomba, na yanadondoka juu ya taya, skrubu na bamba. Yakikutana na vinyweleo vya chuma na vumbi, yanarudisha uji uleule tuliouona mwezi wa pili. Kuanzia sasa kuna sinia chini ya kichwa cha kutia hesi, na kabla gari halijaondoka eneo la kazi mtu mmoja anafuta jiliwa lote kwa tambaa. Uso wa taya unaoshika bomba unabaki mkavu kabisa, maana bomba likiteleza kwenye taya mtu anaumia. Kati ya mitaro ya taya tunapitisha brashi ya waya, WD-40 kidogo kama kuna maji, tunafuta.

Matambaa yenye mafuta yanaenda kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, na mazuti machafu kwenye bidoni. Hakuna kinachomwagwa chini.

Mwezi wa nane

Hali ilivyo. Jiliwa kubwa limepita masika na kiangazi bila nyundo. Nati ya bronzi nimeifungua na kuipima kwa skrubu: haichezi. Bawaba za masanduku ziko sawa, ila moja ya sanduku la kushoto inalia kwa sababu kifuniko kimepinda, na hilo ni la fundi wa kuchomelea. Waya wa winchi una doa la kutu karibu na ndoana, mahali tulipokata. Tutaufungua tena kabla ya mvua. Kofia ya turubai imechanika kwenye kona inayosugua mkono wa jiliwa, kwa hiyo kona hiyo itashonewa ngozi.

Swali lililobaki ni kingo. Nta ilishindwa masika penye kingo na matundu, na mvua zinarudi mwezi wa tisa. Tumekata vipande vipya. Safari hii vingine vimelainishwa kingo kwa tupa kabla ya kupakwa, kwa kuwa hakuna utando unaokaa juu ya kona kali, na vingine vimepakwa mara mbili, ya pili ikiwekwa kwa brashi ya moto bila kufutwa. Kimoja kina nta ngumu zaidi, sehemu moja kwa mbili za mafuta.

Jumatatu tunafungua jiliwa la mnyororo. Magadi yapo, nondo ipo, fundi wa Birere ameshaambiwa kwamba huenda akahitajika kukereza nati nyingine. Nta imebaki robo kopo, kwa hiyo kijana atapita sokoni kwa mama kesho asubuhi.